Kapteni Barlow wa Soko la Maziwa

Raho binti Gelle aliuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa kwa miaka mingi, lakini ungemuuliza mtu yeyote wa bula lake, yaani mtaa wake, kazi ya Raho ni ipi, asingekutajia maziwa. Angekwambia habari. Maziwa yalikuwa kisingizio tu cha kukaa sokoni tangu asubuhi.

Na tafadhali usimwite mbea. Mbea hutia chumvi, na Raho aliwachukia watia chumvi kuliko alivyowachukia fisi. Yeye alifuata adabu ya wafugaji. Mgeni akifika hukaribishwa, akapewa maji, akapewa maziwa, halafu akaambiwa, "Warran," yaani toa habari. Naye huanzia alikotoka: mvua imenyesha wapi, malisho yako vipi, visima vina maji au matope, nani kazaliwa, nani kafa, alikutana na nani njiani na huyo naye alisema nini. Msikilizaji huitikia "haye" kila pumzi, mpaka habari ifike mwisho. Baba yake Raho, mzee Gelle, aliwahi kuja kwa miguu kutoka Buna na habari ya mvua. Wazee wakamuuliza mawingu yalikuwa meusi kiasi gani. Akajibu, "Nilinyeshewa. Sikuangalia juu." Watu wakahamisha mifugo yote kwa neno lake, na mvua wakaikuta. Mzee huyo ndiye aliyemlea Raho kwa wosia mmoja: habari ni amana, ukiongeza umeiba, ukipunguza umeiba.

Kisha ikaja vita. Bendera ya uhuru ilikuwa haijapata hata kuchujuka rangi. Waliotaka mkoa ujitenge ujiunge na Somalia wakaingia porini na bunduki, serikali ikawaita shifta, nayo ikaleta jeshi. Kuanzia hapo kila Msomali alikuwa shifta mpaka athibitishe vinginevyo, na kuthibitisha kulikuwa kugumu ukiwa umepigishwa magoti juani. Barabara zikafungwa. Kutembea kukahitaji kibali. Jua likizama, kafyu, kila mtu ndani kwake.

Raho alipata fungu lake la taabu kama wengine. Ngamia wake wawili walichukuliwa na lori la jeshi, akalia kama mtu aliyefiwa, na alikuwa na haki ya kulia. Lakini kulikuwa na taabu nyingine ambayo aliona aibu kuisema: wasafiri walikuwa wamekwisha. Hakuna aliyekuja kutoka Wajir, hakuna aliyekuja kutoka Sangailu, hakuna wa kuambiwa "warran". Shemeji yake Dagane alikuwa upande wa Buna na mifugo yake tangu mwaka juzi, na hakuna mtu aliyeleta hata salamu yake. Raho alikaa sokoni na vibuyu vyake, mdomo mkavu, akisikiliza wanawake wakiambiana habari za jana ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia juzi.

Huyo Dagane alikuwa baba yake Nunow, kijana aliyeishi kwa Raho. Mama yake Nunow, Maryan, dada mkubwa wa Raho, alifariki kijana akiwa bado mdogo, na siku ya mwisho alimshika Raho mkono akamwambia, "Asome mpaka mwisho." Raho aliapa. Sasa mwaka huo wa 1966 mwisho ulikuwa umefika: Nunow alikuwa kidato cha nne, na mtihani wa Cambridge ulikuwa mlangoni. Akipita, atakuwa mtu wa karatasi, mtu wa kupita vizuizini amesimama wima, mtu wa kuweza kwenda mpaka Buna kumuulizia baba yake. Akianguka, atauza maziwa na habaryar wake. Habaryar ndiyo mama mdogo, na kwa desturi ya Wasomali yeye naye humwita mtoto wa dadake vivyo hivyo, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na mahabaryar wawili na mmoja wao alikuwa na ndevu zinazoanza kuota.

Nunow hakuwa mjinga. Hesabu alizimaliza mwalimu akiwa bado anaziandika ubaoni. Kilichomshinda kilikuwa ufahamu wa Kiingereza, pale unaposoma kifungu halafu unaulizwa maswali. Kusoma alisoma. Kosa lake ni kwamba alijibu kwa moyo wake badala ya kujibu kwa kifungu. Akiulizwa kwa nini mkulima fulani aliuza farasi wake, kifungu kikisema farasi alikuwa kilema, Nunow aliandika kwamba mkulima alitaka mahari ya mwanawe.

"Mahari umeyaona wapi?" Mwalimu Ombogo alimuuliza.

"Mtu hauzi mnyama bila sababu kubwa, mwalimu."

"Mwaka huu utaanguka, Nunow. Utaanguka kwa sababu ya huruma."

Mwalimu Ombogo alikuwa mtu wa Nyanza aliyeletwa Garissa kwa uhamisho ambao yeye mwenyewe aliamini ni adhabu, ingawa hakuna aliyekubali kumwambia alikosa nini. Kitabu cha vifungu kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Basi alikichanachana, akawa anampa kila mwanafunzi ukurasa mmoja wa kwenda nao nyumbani. "Usiku mko ndani, hamna pa kwenda," aliwaambia. "Soma kwa sauti. Kisha msimulie mtu wa nyumbani kwa lugha yenu, naye akuulize maswali. Akielewa yeye, umeelewa wewe."

Mtu wa nyumbani kwa Nunow alikuwa mmoja tu. Jioni hiyo, kafyu ikiwa imeanza, aliwasha koroboi, akasoma ukurasa wake, kisha akamgeukia Raho aliyekuwa akifukiza vibuyu kwa moshi. Walizungumza Kisomali, kama walivyozungumza siku zote.

"Bibi mmoja wa London, paka wake alipanda mti akashindwa kushuka."

Raho akaweka kibuyu chini. Miezi mingapi hakuwa amesikia sentensi ya namna hiyo, yenye mtu mpya na mahali papya! "Haye," akasema, akajisogeza karibu na koroboi.

"Akawapigia simu wazima moto."

"Haye. Kulikuwa na moto?"

"Hapana."

"Haye," alisema Raho, kwa mashaka.

"Wakaja na gari lao jekundu, wakaegemeza ngazi kwenye mti."

"Ni wa ukoo gani, huyo bibi?"

"Kitabu hakijasema."

"Mvua huko je?"

"Hakijasema."

"Kitabu gani hiki kisicho na adabu! Haya, na paka?"

Nunow alitazama chini ya ukurasa. "Hapa sasa ni maswali. Kifungu kinaishia hapo kwenye ngazi."

"Kinaishiaje hapo? Paka yuko wapi?"

"Bila shaka alishushwa, habaryar."

Raho alimwinulia kidole, kidole kile kile cha mzee Gelle. "Kitabu kimesema, au umesema wewe?"

"Nimesema mimi."

"Basi paka yuko mtini."

Ndivyo Nunow alivyopata dawa yake. Kila jioni alisimulia, na kila alipopachika neno lake mwenyewe, kidole kiliinuka: kitabu kimesema, au umesema wewe? Baada ya wiki chache akawa anakisikia kidole hicho hata akiwa darasani, akajikuta anafuta jibu kabla ya wino kukauka. Mwalimu Ombogo alimrudishia kazi yake akiwa na furaha ya mtu aliyesikia uhamisho mwingine umekuja.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Nunow hakulijua, kwa kuwa hakuna anayefikiria kuuliza swali kama hilo. Alidhani habaryar wake anafahamu kwamba vifungu hivi vimetungwa. Raho hakufahamu kitu cha aina hiyo. Kwake yeye kilichoandikwa ni kilichotokea. Nani angejisumbua kupiga chapa jambo lisilokuwepo, tena Cambridge, mahali ambapo serikali yenyewe inapaogopa? Basi asubuhi ilipofika aliichukua habari ya paka akaipeleka sokoni, nzima nzima, bila kuongeza wala kupunguza, na akataja alikoitoa: kwa Nunow, aliyeitoa kwenye kitabu cha Cambridge. Soko lilikuwa na njaa kama yeye. Kabla jua halijakuwa kali kila muuza maziwa alikuwa na maoni yake juu ya paka yule, na Saado, jirani yake Raho kwenye mkeka, mwanamke asiyeweza kupokea habari bila kuivisha nguo, alikuwa tayari ameshamzalisha paka vitoto vitatu juu ya mti.

"Vitoto umevitoa wapi?" Raho aliuliza kwa hasira.

"Walaal, ndugu yangu, paka gani anapanda mti bure?"

Mambo yangeishia kwenye paka, vita ingepita na watu wangekumbuka paka. Ila siku moja, mtihani ukiwa umebaki wiki moja, Nunow alirudi na ukurasa wa Kapteni Barlow.

Kapteni Barlow, kama kifungu kilivyosema, alikuwa ofisa wa Kiingereza. Yeye na watu wake kumi na wawili walivuka mto katika nchi kame wasiyoijua. Chakula kiliwaishia. Wakajificha pangoni. Mmoja wao alikuwa na homa. Kapteni alikuwa ameketi akimfikiria mama yake, na hapo akasikia hatua za miguu nje ya pango. Maswali: Kapteni alikuwa na watu wangapi? Kwa nini walijificha?

"Hatua za nani?" Raho alikuwa amesimama.

"Kitabu hakijasema."

"Masikini mama yake," alisema Raho, akaketi tena. Usingizi wake wa siku hiyo ulikuwa wa vipande vipande.

Sokoni kesho yake Raho aliitoa habari hiyo taratibu, kwa sauti ya msiba. Wanawake waliacha kupima maziwa. Hata Saado hakuongeza kitu. Kumi na wawili, na mmoja mgonjwa, na njaa, na mto wameshauvuka! Hakuna aliyeuliza ni mto gani. Garissa mto ni mmoja. Wakawaombea dua, kwa maana mwenye njaa ni mwenye njaa hata akiwa ofisa. Kufikia adhuhuri Awil mchinjaji alikuwa ameingiza mbuzi wake ndani ya chumba anacholala, kwa kuwa Wazungu kumi na wawili wenye njaa si wageni wadogo. Dereva mmoja wa lori alikataa kuvuka mto mpaka apewe askari wawili wa kumlinda. Na njiani, kutoka mdomo hadi mdomo, kile kitabu cha Cambridge kilidondoka kama mzigo uliofungwa vibaya. Kilichobaki ni hiki: ofisa wa Kiingereza na watu wake wamevuka mto, wamo pangoni, na kijana wa Raho anayesoma Kiingereza ndiye mwenye habari.

Hivyo ndivyo ilivyofika masikioni mwa Inspekta Muthiani.

Muthiani alikuwa mgeni Garissa, Mkamba mwembamba mwenye bidii, na miezi yake yote pale alikuwa hajakamata kitu cha maana zaidi ya kuni zilizokatwa bila kibali. Wazungu mamluki upande wa shifta! Hakungoja. Alipeleka taarifa makao makuu kwa redio, na makao makuu, ambayo kwa kawaida hayakumjibu hata akiomba karatasi, yalijibu siku hiyo hiyo. Yalimpongeza. Yalitaka zaidi. Yalitaka mtoa habari apelekwe na msafara wa magari utakaofuata, akahojiwe na wakubwa.

Msafara ungeondoka Jumatatu. Mtihani ulianza Jumatatu.

Askari walimchukua Nunow shuleni, mbele ya darasa. Raho alipoambiwa aliacha vibuyu vyake wazi juani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu kuzaliwa, akaenda mbio hadi kituoni, na mlangoni akamkuta Mwalimu Ombogo ameshika ukurasa mkononi. Waliingia pamoja. Nunow alikuwa kwenye benchi, hana jeraha, ila macho yake yalikuwa ya mtu aliyezeeka asubuhi moja.

"Afande, salaam aleikum," Raho alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kijana yangu hana makosa. Hii habari mimi nasema. Shika mimi."

"Wewe mama ulisema kuna Kapteni?"

"Ndiyo. Kabteni iko. Kumi na mbili watu, moja homa. Wallahi siongezi."

"Umeona?" alisema Inspekta akimgeukia Mwalimu Ombogo. "Anakubali."

Mwalimu Ombogo aliweka ukurasa mezani. "Afande, soma."

Inspekta alisoma. Midomo yake ilicheza. Alifika kwenye mama wa Kapteni, akafika kwenye hatua za miguu, akageuza ukurasa upande wa pili, akaona tangazo la kalamu za wino. Akaurudisha. Akasoma tena tangu mwanzo. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso likaanguka juu ya swali la pili.

"Nje ya pango alikuwa nani?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Hakuna ajuaye," alisema Mwalimu Ombogo. "Watungaji hukata. Afande, huyu Kapteni hayupo. Ametungwa. Ni zoezi."

Nunow alimtafsiria Raho pole pole kwa Kisomali. Raho alimtazama mwalimu, akamtazama Nunow, akautazama ukurasa.

"Ametungwa nini?"

"Mtu aliketi akamfikiria, habaryar. Hakuwepo. Hata paka hakuwepo."

"Aliketi mtu mzima," alisema Raho, "mwenye akili zake, akasema watu kumi na wawili wana njaa, na hawapo?"

"Ndiyo."

"Na homa?"

"Hata homa."

Raho alishika ukuta. Alikuwa amewaombea watu hawa. Alikuwa amewafanya wanawake wa soko zima wawaombee. Alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni kama maji yanavyojaa lagha, ule mto mkavu, na pamoja na aibu ikaja ghadhabu juu ya Cambridge ambayo hakuwahi kuwa nayo juu ya mtu yeyote, hata waliochukua ngamia wake. Wao angalau walichukua ngamia waliokuwepo.

"Basi, afande," Mwalimu Ombogo alisema, "mwachie kijana."

Inspekta Muthiani aliinuka akafunga mlango, kisha akarudi akaketi, na hapo akaongea kama binadamu. "Mwalimu, nitamwachiaje? Nimeshapeleka habari juu. Na huko juu wamefurahi. Wameweka bendera ndogo kwenye ramani. Sasa niwaambie bendera ile ni ya kitabu cha shule? Nitaishia kuhesabu punda Mandera."

"Ukweli ni ukweli."

"Ukweli una mke na watoto watano huko Machakos. Kijana ataenda na msafara. Huko atajieleza mwenyewe."

"Atakosa mtihani!"

"Hilo najua," alisema Inspekta, na kwa haki yake, hakuona raha kulisema. Aligongagonga meza kwa kalamu. "Kama kungekuwa na habari nyingine. Kwamba wale watu wameondoka. Nikaandika kundi limetoweka, hatari imekwisha, na habari ikiisha aliyeileta hahitajiki tena. Lakini siwezi kujiandikia mwenyewe. Taarifa lazima iwe na aliyesema." Akamtazama Raho, akaangusha macho. "Mama, una habari nyingine ya Kapteni?"

Raho alielewa Kiswahili hicho bila kutafsiriwa. Alimtazama Nunow, na Nunow akatikisa kichwa kidogo. Usiseme. Kijana wa watu! Yeye peke yake mle ndani ndiye aliyejua mama huyu anaombwa nini. Nusu saa iliyopita Raho alikuwa hajui kwamba amebeba uongo. Akisema sasa, atasema akijua, na mzee Gelle aliyenyeshewa asiangalie juu atajigeuza kaburini.

Lakini Maryan naye alikuwa kaburini, na alikuwa ameshika mkono wake. Asome mpaka mwisho.

"Iko," alisema Raho.

Inspekta alivuta karatasi.

"Kabteni amekwenda," alisema Raho. "Amerudi kwao."

"Na watu wake?"

"Yote."

Angeweza kuishia hapo. Hapo pangetosha, na hata Inspekta alikuwa ameinua kalamu. Lakini habari ina adabu yake, na Raho hakuwahi kutoa habari nusu, na mdomo wake uliokuwa umefungwa tangu barabara zilipofungwa ulijua njia wenyewe. Alisema zile hatua nje ya pango zilikuwa za mwanamke mwenye maziwa. Alisema yule mwenye homa alipewa maziwa ya ngamia, ya moto, na homa ikatoka. Alisema mvua ilinyesha kidogo, ya kulaza vumbi tu. Alisema walinunua punda wawili, mmoja mkaidi, na Kapteni mwenyewe ndiye aliyemsukuma. Wakavuka mto alfajiri. Kapteni akageuka akainua mkono, akasema amani ibaki kwa watu wa huku, yeye anakwenda kwa mama yake kwa kuwa mama yake ni mzee na hana mtu mwingine.

"Alilia?" aliuliza Inspekta, akiandika kwa kasi.

"Kidogo," alisema Raho. "Akafuta na kofia."

Mwalimu Ombogo alikuwa ameangalia dari muda mrefu. Nunow alikuwa amefunika uso kwa mikono, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, labda hata yeye.

Raho hakutishwa sana na kusema uongo, kwani kwa ajili ya mtoto mtu husema. Kilichomtisha ni jinsi ulivyokuja kwa urahisi, mtamu, mnene kama maziwa ya juu. Punda yule mkaidi alikuwa amemwona kabisa.

Nunow aliachiwa jioni hiyo kabla ya kafyu. Inspekta alimfuata Raho mpaka langoni na kumtia mkononi pakiti ya sukari. "Ya bishara, mama," alisema, kwa kuwa alikuwa amejifunza kwamba mleta habari njema hupewa zawadi. Raho aliipokea kwa ncha za vidole. Nyumbani aliiweka darini, hakuitia katika chai yake wala ya mtu mwingine, na mwishowe sisimizi waliimaliza.

Jumatatu msafara uliondoka bila Nunow, na Nunow akaingia chumba cha mtihani. Kifungu cha ufahamu kilihusu mtu mmoja aliyejenga mashua. Alijibu yaliyosemwa na kitabu, hakumsaidia fundi yule hata kwa msumari mmoja, akatoka.

Sokoni habari za Kapteni kuondoka zilifika kwa kinywa cha askari, na wanawake walipiga vigelegele. Saado alidai kwamba mama mwenye maziwa alikuwa binamu yake. Wote wakamgeukia Raho awape habari kamili. "Warran, Raho!"

"Nabad tu," alisema Raho, yaani amani, hakuna jipya. Akapima maziwa.

Kesho yake vile vile, na kesho kutwa. Watu walidhani ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amejihukumu mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kosa: mdomo uliosema uongo usibebe tena amana ya watu. Hata alipopita mtu aliyetoka kweli Wajir kwa kibali, wa kwanza kwa miezi mingi, Raho alimpa maziwa na kumwelekeza kwa Saado. Saado aliipokea habari ya mtu yule, na kufikia jioni kulikuwa na mafuriko Wajir. Raho alizisikia zikiharibiwa pembeni yake kila siku, akavumilia, na kuvumilia huko kulimkondesha.

Miezi ikapita. Vita haikwisha. Siku moja mchana, soko likiwa limejaa, Nunow alionekana anakuja kutoka upande wa shule, hakimbii, anatembea kama mtu anayebeba kitu kinachoweza kumwagika. Akasimama mbele ya mkeka.

"Habaryar," alisema. "Matokeo yamekuja. Nimepita."

Raho hakuinuka. Aliinua kidole, kidole kile kile.

"Wamesema wao, au umesema wewe?"

"Wamesema wao, habaryar."

"Hakuna ulichoongeza?"

"Hakuna."

"Hata cha huruma?"

"Hata cha huruma. Mwalimu ameona, darasa zima limeona. Mpaka ufahamu wa Kiingereza."

Raho aliyafuta macho yake kwa mtandio, akalaza kibuyu vizuri kisianguke, akasimama. Wanawake walikuwa wamekwisha kumzunguka. Saado alifungua mdomo kuitangaza, Raho akamwekea mkono begani, akamnyamazisha.

"Hii ni yangu," alisema. Kisha akaanza, kwa sauti ya zamani iliyosikika mpaka kwa Awil mchinjaji: mvua haijanyesha, malisho ni mabaya, barabara ya Buna bado imefungwa na Dagane hajulikani alipo, Mungu amlinde. Na Nunow, mtoto wa Maryan, mtoto wa dada yangu, amesoma.

"Haye," soko lote likaitikia.

"Amesoma mpaka mwisho," alisema Raho, na hakuongeza neno.